Siku Niliyowasha Jiko la Ba

Nyumba ya nne ndiyo iliyonipokea. Ya kwanza, dalali alipolitaja jina langu kwenye simu, upande wa pili ukanyamaza, kisha tukaambiwa chumba kimeshachukuliwa. Ya pili walitaka familia. Ya tatu mwenye nyumba alinitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, akarudishia mlango polepole bila neno. Ilikuwa Januari 2023, mjini Vadodara, jimbo la Gujarat. Nilikuwa nasoma uzamili wa lishe, nimechoka na kelele za hosteli, nataka chumba chenye dirisha.

Mama wa nyumba ya nne alifungua mlango mwenyewe. Mjane, umri unakaribia sabini, uso umejaa vishimo vidogovidogo ambavyo kwetu Tanga nimeviona kwa wazee wawili watatu tu: alama za ndui. Dalali akaanza kunitetea kabla sijashtakiwa: anatoka Afrika, ni Mwislamu, lakini ni mwanafunzi mzuri. Mama akamkatiza. Afrika wapi? Nikasema Tanzania. Akanyoosha kidole kwenye kona ya baraza, akatamka neno moja: "Fagio."

Baba mkwe wake aliwahi kuwa na duka Mwanza. Ukoo uliporudi India ulirudi na maneno kama mtu anavyorudi na vyombo vichache vya jikoni: fagio, kisu, sufuria. Kuunga sentensi hakujua, lakini lile fagio ndilo lililonipatia chumba. Sharti lilikuwa moja tu: nyama, samaki wala yai visivuke kizingiti. Mtu wa Tanga kuambiwa asahau samaki! Nikakubali. Ijumaa nikawa nakula biriani upande wa pili wa mji, nanawa mikono mara mbili, ndipo napanda bajaji kurudi.

Mtaa mzima ulimwita Ba, yaani mama, au bibi, inategemea anayeita ana umri gani. Nami nikamwita Ba. Yeye aliniita dikri, binti.

Ramadhani ya mwaka ule ilianza Machi 24, na joto la Vadodara mwezi wa Aprili hupita nyuzi 40. Ba akawa ananigongea mlango saa kumi alfajiri niamke nile daku. Yeye huamka saa hiyo kuoga na kuomba, kwa hiyo alisema hapungukiwi kitu. Swali lake lilikuwa lile ambalo kila mfungaji amewahi kuulizwa ugenini: "Hata maji?" Hata maji, Ba. Nilijibu kwa majivuno kidogo, nakiri. Akasema wao nao wanayo ya namna hiyo, Bhim Agiyaras, siku ya kumi na moja ya nusu inayokua ya mwezi wao wa Jeth, kutwa nzima bila tone.

"Siku moja tu?" nikauliza.

Akacheka, akaendelea kuchambua mpunga kwenye mchele.

Na hicho ndicho kipimo nilichoingia nacho katika Shravan, mwezi mtukufu wa Wahindu. Kwangu funga ilikuwa saa. Alfajiri unafunga, magharibi unafungua, na anayekula mchana hajafunga, hata akikueleza nini.

Kalenda ilinichanganya kabla ya chakula. Ghorofa ya juu ilikaa familia kutoka Uttar Pradesh, na tarehe 4 Julai wakaanza mwezi mtukufu, ambao wao huuita Sawan. Nikashuka mbio kumwambia Ba mwezi umeingia. Ba akaitazama kalenda ya ukutani, ile yenye kurasa nyembamba na tarakimu ndogo nyekundu, akasema: "Wao. Wetu bado."

Ikabidi nielezwe kama mtoto. Watu wa kaskazini huhesabu mwezi kutoka mbalamwezi hadi mbalamwezi, Wagujarati kutoka mwezi mwandamo hadi mwandamo mwingine, kama sisi. Siku zao nyingi huangukia pamoja, ila nusu ya giza, yaani siku za mwezi kupungua, hubeba jina tofauti, hivyo jirani wa juu humtangulia Ba kwa wiki mbili kila mwaka. Mwaka 2023 kuliongezeka jambo la pili. Ba akaniwekea kidole kwenye Julai 18: kuanzia hapo mpaka Agosti 16 ni Shravan ya ziada. Shravan yenyewe ingeanza Agosti 17 na kuisha katikati ya Septemba. Wa juu wao walikuwa na Sawan ndefu kuanzia Julai 4 hadi Agosti 31, mwezi wa ziada umepachikwa katikati kama kiraka.

Mwezi wa ziada! Hapo nikakaa kitako. Miezi kumi na miwili ya mwandamo ni siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kama 11. Sisi Waislamu tunaziacha zikimbie, ndiyo maana mzee yeyote wa kwetu ameshafunga Ramadhani ya masika, ya kipupwe na ya kaskazi. Wahindu hawawezi kuziacha, kwa sababu Shravan ni mwezi wa mvua na lazima ibaki kwenye mvua. Kwa hiyo kila baada ya miezi 32 au 33 wanaongeza mwezi mzima, saba katika kila miaka 19. Dalili yake ni kwamba jua halihamii kundi jipya la nyota ndani ya mwezi huo. Mara ya mwisho Shravan kurudiwa ilikuwa 2004, na Ba aliukumbuka mwaka huo vizuri, ndio alioozesha mwanawe mkubwa. Alisubiri mwezi wa ziada upite, maana ndani yake harusi hazifungwi wala watu hawahamii nyumba mpya.

Kisa chake alinisimulia akimenya viazi. Kila mwezi una mungu wake anayeulinda. Huu wa kubandikwa haukuwa na mwenyewe, ukaitwa mwezi mchafu, ukakataliwa kila mlango. Ukaenda kwa mungu Vishnu ukilia. Vishnu akaupa jina lake mwenyewe, Purushottam, na tangu hapo jema lolote linalofanywa humo lina thawabu kubwa. Sikumwambia, lakini niliposikia habari ya kukataliwa kila mlango niliwakumbuka wale wenye nyumba watatu.

Jambo moja lilinishangaza kuliko hesabu. Kwetu ukoo mmoja unaweza kusali Idi mbili, huyu amefuata mwandamo wa hapa, yule wa mbali, na watu wakanuniana mpaka mfungo mosi unaisha, kisa siku moja. Ba na jirani wa juu walikuwa wamepishana wiki mbili kwenye ngazi moja. Siku mama wa juu aliposhuka na sahani ya ladu, Ba alipokea, akauliza wamefika Jumatatu ya ngapi, wakaendelea na habari za bomba la maji.

Jumatatu ya kwanza ya Ba iliangukia Agosti 21. Jumatatu ni siku ya mungu Shiva, na katika Shravan ndiyo siku kubwa ya funga. Nilijiandaa kwa adabu zote: nilikula chumbani, nimefunga dirisha harufu isitoke, kama ambavyo ningependa mtu anifanyie Ramadhani. Saa saba mchana nikasikia mafuta yanachachatika. Nikatoka. Ba yuko jikoni anageuza kitu kwenye karai, jira inanukia nyumba nzima.

Pembeni palikuwa na bakuli la punje nyeupe, za duara, zimeloweshwa usiku kucha mpaka zimekuwa kama lulu laini. Sabudana. Anazitia kwenye mafuta yenye jira na pilipili mbichi, anaongeza viazi vya kuchemsha na karanga za kutwangwa, anakamulia ndimu. Kijiko kinapopita punje zinang'aa, zinakuwa kama kioo, na ukichelewa sekunde chache tu zinashikana zote bonge moja. Nikauliza zinatokana na nini. Muhogo. Wanga wa muhogo, nyingi hutengenezwa Salem, kule Tamil Nadu. Nilicheka peke yangu pale jikoni: nimevuka bahari kumkuta muhogo amevaa lulu.

Moyoni, hata hivyo, nilikuwa nasema: hii ndiyo funga? Karanga, viazi vya kukaanga, mtindi wa sukari?

Utaratibu wake niliujua pole pole. Siku ya upvas, yaani funga, ngano haiguswi, wala mchele, dengu, choroko, kitunguu wala kitunguu saumu. Chumvi ya kawaida inapumzika, inatumika ya mwamba, yenye rangi ya waridi iliyofifia. Zinaliwa mbegu za mchicha zilizosagwa unga, viazi, viazi vitamu, maziwa, matunda. Kuna na punje ndogo ziitwazo moraiyo, ambazo mwanafunzi wa lishe anajua kabisa kwamba ni nafaka. Nilimwambia Ba ni nafaka. Akajibu: "Ni moraiyo." Mjadala ukaisha. Siku nyingine nikajitia ujuzi, nikamweleza kwamba viazi, karanga, muhogo na pilipili zilitoka Amerika, na waliopanga nafaka za kuachwa hawakuwahi kuziona. Akafikiri kidogo. "Basi zilifika wakati mzuri."

Kilichonifunga mdomo ni kuhesabu siku. Lile karai la Jumatatu nililiona mimi kwa sababu lilikuwa na harufu. Ambacho hakikuwa na harufu ni kwamba Ba alikuwa kwenye ektana, mlo mmoja kwa siku, mwezi mzima. Ile sahani ya saa saba ndiyo ilikuwa ya kutwa. Jioni alikunywa maji, akakaa na tasbihi yake ya mbegu za rudraksha, akalala. Na hakuna magharibi iliyokuwa ikimngojea na tende na uji. Mimi katika Ramadhani yangu nilikuwa nafuturu mpaka nashindwa kuinama.

Agosti 23 saa kumi na mbili na dakika nne jioni, chombo cha anga cha India, Chandrayaan-3, kilitua mwezini. Tulikuwa sebuleni kwa Ba, watu wa juu wameshuka, watoto wamekaa sakafuni. Kilipotua mtaa ulilipuka kwa fataki. Ba alipangusa macho kwa ncha ya sari, halafu akaniambia mwezi alikuwa mwanamume mwenye wake 27, mabinti wa Daksha, ndizo zile nyota 27 anazozilalia moja kila usiku. Shravana ni mmojawapo, na mwezi huu umeitwa kwa jina lake kwa sababu mbalamwezi yake hukaribiana na nyota hiyo. Tatizo la bwana likawa kumpenda Rohini peke yake. Hakugawa zamu. Wenzake wakashtaki kwa baba, baba akamlaani akonde mpaka aishe. Akakimbilia pwani ya Gujarat, hapo penye hekalu la Somnath hivi leo, akamwomba Shiva, laana ikapunguzwa: atakonda nusu ya mwezi, atanenepa nusu nyingine. Kwa mtu aliyekulia kwenye nyumba ya wake wawili, kisa hiki hakihitaji tafsiri.

Baadaye, siku ya mbalamwezi ya Agosti 30, dada walipaswa kuwafunga kaka zao uzi wa rakhi mkononi, lakini kalenda ilionyesha saa mbaya mpaka saa tatu usiku. Kaka yake Ba, mzee wa bakora, alikaa kwenye kochi tangu saa kumi na moja akisubiri, akasinzia, akafungwa uzi akiwa nusu usingizini.

Hekaluni nilimsindikiza Jumatatu moja tu, mvua imekatika kidogo. Tulipita daraja la mto Vishwamitri, mto wenye mamba katikati ya mji, na msimu wa mvua mamba hao hutoka hadi barabarani. Watu walikuwa wameegemea ukingo wanawaonyesha watoto. Kwenye hekalu nilibaki nje na viatu vya watu. Sikuingia, na Ba hakuniomba niingie. Kupitia mlangoni niliona foleni ya wanawake na vyungu vya shaba, kila mmoja akimimina juu ya lile jiwe la Shiva na kuweka jani la mti wa bilva lenye ncha tatu. Nilijua maziwa humwagwa, na kwa somo langu hilo lilikuwa linaniwasha. Kumbe Ba alikuwa ametia kijiko kimoja cha maziwa kwenye chungu cha maji. Yaliyobaki tulichemshia chai.

Kwa nini wanammiminia? Njiani akanieleza. Miungu na mashetani walipoisukasuka bahari kutafuta maji ya uzima, kilichotangulia kutoka ni sumu. Shiva akainywa ili dunia isife, ikamkwama kooni, koo likawa buluu. Inamwunguza mpaka leo. "Tunampoza," Ba akasema. Kimvua kikaanza tena, tukaharakisha.

Nimetaja mazuri, nitaje na lile lingine. Shravan ya Gujarat ni mwezi wa kamari pia. Vijana wa chini walikuwa wanacheza karata usiku kucha, na kadiri Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa Krishna, ilivyokaribia ndivyo noti zilivyoongezeka mkekani. Kila mwaka polisi hukamata watu, kila mwaka wanacheza. Ba aliwapita akijifanya haoni, ila mmoja alikuwa mpwa wake, na huyo alimvuta sikio.

Basi ikafika Jumanne, Septemba 5. Randhan Chhath, siku ya sita ya giza, siku ya kupika. Nilirudi maktaba saa mbili usiku nikakuta jikoni kama nyumba ya harusi: mkwewe anakaanga puri, Ba anabonyeza vada za uwele kwa kiganja, kuna chapati za uwatu zimepangwa kama vitabu, kuna sukari guru inayeyushwa na samli. Nikajitolea kusukuma chapati. Zangu zilitoka na umbo la ramani, zikatengwa. Ba aliniambia, huku amegeukia karai, kwamba kesho ni chakula baridi. Nikasema sawa. Nilidhani ananitajia kitakacholiwa.

Nikaenda kulala. Sikuona walipozima moto, wakapangusa jiko la gesi mpaka likang'aa, wakalichora alama kwa unga mwekundu na kuliwekea pamba.

Asubuhi niliamka na mtihani kichwani. Niliingia jikoni gizani kama kila siku, nikabandika sufuria, nikabonyeza kiberiti cha gesi. Moto ukawaka buluu. Ndipo nikaona kidole changu kina wekundu. Nikawasha taa. Nusu ya alama ilikuwa imefutika chini ya mkono wangu.

Ba alikuwa amesimama mlangoni, nywele zinadondosha maji ya kuoga.

Hakupiga kelele. Alipita kando yangu, akazima gesi, akaishusha sufuria na kuiweka sakafuni. Akalowesha kitambaa kwa maji ya mtungi, akalipangusa jiko lote, vizuri, hata miguu yake, kama unavyompangusa mtoto mwenye homa. Nilikuwa nasema samahani kwa lugha zote nilizonazo. Akachukua unga mwekundu akachora upya. Kisha akakaa kwenye kigoda, nami nikakaa sakafuni.

Siku ile ilikuwa Shitala Satam. Shitala maana yake ni mwenye ubaridi. Ndiye mama wa ndui. Hupanda punda, mkononi ana fagio. Ba alilisema neno hilo kwa Kiswahili, bila kugundua. Usiku wa Chhath hupita nyumba kwa nyumba, akagaagaa kwenye meko yaliyopoa apate kupumzika. Mke mmoja kijana alichoka kwa kupika akalala bila kuzima. Mama akaungua, akamlaani, na asubuhi mtoto akakutwa ameungua. Yule mke alimbeba mtoto akatembea kumtafuta Shitala mpaka akampata na kumtaka radhi, mtoto akarudi.

Nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza nikiwa natazama kweli. India ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa ndui mwaka 1975, na dunia ikatangazwa kuwa salama 1980. Hayo nilikuwa nayajua, niliyaandika kwenye mtihani wa shahada ya kwanza. Ba alipougua, miaka mingi kabla ya hapo, alikuwa na miaka sita. Dada yake alikuwa na minne. Aligusa shavu lake, akaonyesha kwa mkono kimo cha yule mdogo, pale pale karibu na bega langu nilivyokaa. Mama yao hakuwasha moto siku saba, alisema. Jirani walileta chakula, na nyumba nzima ilinuka majani ya mwarobaini.

"Ba, nimemwunguza?"

"Moto wako ulikuwa mdogo," akasema. "Na wewe ni mgeni wake. Ataelewa."

Tulikula puri baridi na mtindi, kutwa nzima, na zile chapati zangu za ramani. Nilikwenda kwenye mtihani bila chai, kichwa kinagonga. Ba hakugusa chochote cha moto wala hakulitaja jambo lile tena, hata mkwewe alipofika na kuuliza kwa nini sufuria iko sakafuni.

Alhamisi, Septemba 7, siku ya Krishna, nilisikia mlango unagongwa kama ulivyokuwa ukigongwa wakati wa daku. Jiko la baada ya Satam kila mwaka huliwasha yeye. Alisimama kizani, kiberiti cha gesi mkononi, akaninyoshea.

"Njoo uwashe," akasema. "Nataka chai."